Siku Walipokagua Miguu

Kijiwe kiko kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na aliyekaa ncha moja haruhusiwi kuinuka ghafla, maana wa ncha ya pili atakwenda chini. Mama Kahawa hutua birika na jiko lake mbele ya ubao saa nane, na ikifika saa tisa wenyewe wamekamilika. Yupo Redio, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Yupo Hakimu, mzee aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na sita, akatoka na sheria zote isipokuwa cheti. Na yupo Fundi Soli, ambaye huongea kidogo kwa kuwa mara nyingi mdomo wake umebana misumari. Alhamisi hiyo mdomo wa Fundi Soli haukuwa na msumari hata mmoja, na bado hakuongea.

Asubuhi alikuwa amekwenda shule ya msingi, mtaa wa nyuma, kumpelekea mwalimu mmoja kiatu alichokishona. Shule hiyo imepata fedha za ziada za kuwasaidia watoto wanaoishi maisha magumu, na majina ya waliochaguliwa yalikuwa yamebandikwa ukutani nje ya ofisi. Sitini. Fundi Soli aliyasoma kutoka la kwanza hadi la sitini, kisha kutoka la sitini kurudi la kwanza. Jina la mjukuu wa Bibi wa Mkaa halikuwemo.

Na yeye alijua kwa nini halikuwemo. Wiki iliyopita watoto walirudi nyumbani na kikaratasi: Jumatatu tutakuwa na wageni, kila mwanafunzi aje nadhifu. Kikaratasi hakikusema wageni wanakuja kufanya nini. Jumapili mchana Bibi wa Mkaa alipita mezani kwake akimshika mkono mjukuu wake, pekupeku wote wawili. Hakuomba kitu. Alisema tu kwamba wageni wanakuja na mtoto hana viatu, wasije wakamcheka. Fundi Soli alikuwa na jozi moja nyeusi, yenye kifungo pembeni, ambayo mwenyewe hakuja kuichukua mwaka mzima. Akaitia soli mpya. Akaipiga rangi mpaka mtoto akajiona uso. Mtoto akatembea kutoka mezani hadi kwa kinyozi na kurudi, macho chini muda wote, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Usiku ule Fundi Soli alilala vizuri.

—Mnawasikia? alisema Mama Kahawa.

Kutoka mtaa wa nyuma zilikuja sauti za watoto wakisoma kwa pamoja, silabi moja moja, na sauti ya mwalimu ikiwarudisha nyuma.

—Ndio hao, Redio alisema. Darasa jipya la kusoma. Mwalimu wao peke yao, jioni tatu kwa wiki. Na chakula cha mchana juu, na madaftari juu. Ndiyo kazi ya zile fedha.

—Basi si jambo baya, Hakimu alisema.

—Nani kasema baya? Baya ni namna walivyowapata hao sitini.

—Baya ni mlango, alidakia Mama Kahawa. Nimepita juzi nimeona. Wameandika mlangoni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka: DARASA LA WANAFUNZI WENYE MAZINGIRA MAGUMU. Mtoto hajajua kusoma, wenzake tayari wanamsomea mlango. Wangemfunga kengele shingoni tu, tujue moja.

—Mama, mimina kwanza, Hakimu alisema. Hasira haichemshi kahawa.

—Na wewe kahawa haikuchemshi?

Alimimina. Redio alipokea kikombe, akakaa vizuri, na wote wakajua kwamba sasa wanapewa taarifa ya habari.

—Sikilizeni. Mwalimu wa zamu kanyoa kwangu jana. Na mtu mwenye wembe shingoni hasemi uongo. Wamekuja wageni watatu, fomu mkononi. Watoto wamepangwa mstari uwanjani. Wageni wanapita wanaangalia chini. Ana viatu? Weka alama. Hana? Weka alama nyingine. Shati limechanika? Begi lipo? Haya, anayefuata. Mtoto mmoja, nusu dakika. Hawakuuliza nani amekula, nani analala wapi. Hawakuuliza hata nani hajui kusoma!

—Nusu dakika! Mama Kahawa aliweka birika chini. Mimi nikichagua nyanya natumia zaidi ya hapo, tena nyanya nazibonyeza.

—Chanda chema huvikwa pete, Hakimu alisema.

—Chanda gani, mzee wangu? Walikuwa wanatafuta unyayo.

Fundi Soli alichukua kiatu cha mteja, akakigeuza, akakirudisha mahali pake. Hapakuwa na kitu cha kushona.

—Sasa niwape namba kumi na saba, Redio aliendelea. Mnamjua ni nani? Mtoto wa mwenye duka la mabati.

—Acha uongo!

—Haki ya Mungu. Yule anayeletewa chakula cha mchana na pikipiki.

—Mtoto wa mwenye mabati ana mazingira gani magumu? Mama Kahawa aliuliza. Baba yake ana ghorofa!

—Ugumu wa saruji labda, alisema Hakimu.

—Ngojeni mjue ilivyokuwa. Asubuhi kabla ya kengele wanacheza mpira. Watoto wamevua viatu, maana mama zao wamewatisha, wageni wanakuja, ole wako uvichafue. Sasa vile viatu wakavipanga uwanjani vikawa ndio magoli. Kengele ikalia, mwalimu na fimbo, kila mtu mbio mstarini. Viatu vimebaki golini. Wageni wanapita, wanaona miguu mitupu yenye vumbi hadi magotini, wanatikisa vichwa kwa huruma, wanaandika. Timu nzima imepita! Mabeki, viungo, washambuliaji. Aliyeachwa ni golikipa peke yake, yeye hucheza na viatu.

Mama Kahawa alicheka hadi akashika mbavu, kisha kicheko kikamkatikia katikati.

—Na watoto wenye shida kweli je? aliuliza. Wale ambao mama zao walikesha wanafua shati moja, wakalikausha kwa pasi?

—Hao walikuwa nadhifu, Redio alisema. Hao hawakupita.

—Mgeni njoo, mwenyeji apone, Hakimu alisema kwa huzuni.

—Kapona nani sasa, Hakimu?

—Methali haitaji majina.

Redio alisogea mbele. Ubao ukalia.

—Mimi nawaambia hii ni mipango. Wageni hawakuja kutafuta maskini, walikuja kutafuta picha. Picha ya mtoto mwenye viatu haina soko. Nani atachangia viatu vinavyong'aa? Na hiyo fomu haikuandikwa hapa. Imeandikwa na mtu ambaye kwao ukimwona mtoto hana viatu, basi kweli hana kitu. Hapa kwetu mtoto akiwa na viatu ndipo uulize amevitoa wapi.

Fundi Soli alimtazama. Redio hakuwa na habari naye.

—Kisheria, Hakimu alianza, na Mama Kahawa akafumba macho. Kisheria umaskini ni jambo la kuthibitishwa. Pale mahakamani mtu akisema hana uwezo, anaapa kwanza. Kosa la wale wageni ni kwamba hawakuwaapisha watoto. Dawa ni moja. Kila nyumba ipewe cheti cha umaskini. Chenye picha na muhuri, na kiwe kinakwisha muda wake kila mwaka.

—Na ukikipoteza?

—Ukikipoteza imethibitika kwamba una kitu cha kupoteza. Unafutwa.

—Haki! Redio alipiga paja. Na kuwe na ofisi ya rufaa. Tajiri anakata rufaa apewe umaskini, maskini anakata rufaa arudishiwe. Mwakani mtaona. Siku ya ukaguzi kutakuwa na foleni kwenye dimbwi la pale chini, kina mama wanawachovya watoto tope kama mandazi kwenye mafuta. Kutafunguliwa duka la kuazimisha matambara. Shati lenye tundu moja bei hii, lenye matundu matatu na kola iliyoliwa na panya, hilo la wenye uwezo. Na wewe Fundi utaacha kushona, utakuwa unachana! Watu watapanga mstari hapa, Fundi, ning'olee soli, kesho mwanangu anakaguliwa.

Wote wakacheka. Fundi Soli hakucheka.

—Ndiyo maana wahenga walisema, Redio alimalizia huku akinyoosha kikombe kiongezwe, nguo ya kuazima haisitiri matako.

—Methali hiyo hapa inaingiaje? Mama Kahawa aliuliza.

—Inaingia tu, mama. Methali ni kama kiroboto, haihitaji mlango.

Kwa Fundi Soli ilikuwa imeshaingia. Alifuta mikono kwenye aproni, moja baada ya nyingine, taratibu, ingawa haikuwa michafu.

—Mjukuu wa Bibi wa Mkaa, alisema. Mnamjua?

—Yule mwembamba, Mama Kahawa alisema. Anayebeba makopo ya mkaa. Kwani yeye kachaguliwa namba ngapi?

—Hakuchaguliwa.

—Hakuchaguliwa! Kikombe alichokuwa Mama Kahawa akimrudishia Redio kikasimama hewani. Yule hana baba, hana mama, bibi yake anauza mkaa kwa kopo, wanalala chumba kimoja na magunia. Asipochaguliwa yule, anachaguliwa nani?

—Alikuwa na viatu, Fundi Soli alisema.

—Viatu? Kavipata wapi yule?

—Kwangu.

Akawaambia yote: Jumapili, jozi nyeusi yenye kifungo, soli mpya, rangi. Hakuwaambia alivyotembea mtoto kutoka mezani hadi kwa kinyozi. Hilo alibaki nalo.

Watoto wa darasa la kusoma walifika mwisho wa mstari, wakarudia.

—We Fundi, Redio alisema kwa sauti ya chini. Si ungemwacha tu.

—Ungemwacha nini? Mama Kahawa aligeuka na birika mkononi. Sema umalizie. Ungemwacha aende pekupeku mbele ya wageni, mtoto wa kike, bibi yake amesimama hapa anaomba bila kuomba? Wewe Redio ungemwacha?

—Mimi sikusema...

—Umesema.

—Tenda wema nenda zako, Hakimu alisema, akimgusa Fundi Soli begani.

—Niende wapi, Hakimu? Meza yangu iko hapa.

Fundi Soli akaendelea, na kwa mtu wa maneno machache, aliongea sana.

—Yuko darasa la nne. Nilimwonyesha neno kwenye boksi la rangi ya viatu, nikamwambia nisomee. Alisoma herufi moja, akaikimbilia ya pili, akirudi ya kwanza imeshamtoka. Ameshakaririshwa darasa mara moja. Mwaka huu asiposoma kwenye mtihani wanamrudisha tena, na bibi yake ameniambia kwa mdomo wake, akirudishwa tena anamtoa, wakae wote kwenye mkaa. Ameniambia huku mimi nagonga soli. Lile darasa ndilo lingemwokoa. Nikampigia rangi.

—Si wewe, Mama Kahawa alisema. Ni kile kikaratasi. Kwani kulikuwa na ugumu gani kuandika, wageni wanakuja kuwatafuta watoto wenye shida? Maneno sita hayo! Lakini mwalimu mkuu hakutaka wageni waone shule chafu. Alitaka shule ipendeze na watoto waonekane maskini, siku moja, mstari mmoja. Basi watu wazima wakajipanga kwa adabu zao, wakawafuta watoto wao shida usoni, na yeye akawaacha!

—Aibu, Hakimu alisema.

—Aibu ya nani? Ya huyu aliyetoa viatu? Ya yule bibi? Mimi nataka kujua aibu hii inalala nyumba gani.

Hakimu alisema waandike barua. Alijua jinsi inavyoanza: kichwa cha habari, kisha rejea. Redio akasema barua haisomwi na mtu, bora apigiwe simu mwandishi wa habari aje na kamera. Hakimu akasema kamera ndiyo iliyoleta balaa lote, kwa maneno ya Redio mwenyewe. Wakaanza kubishana nani atatia sahihi wa kwanza, maana wa kwanza ndiye anayeitwa. Redio akasema yeye huwanyoa walimu wote, atakosa vichwa. Hakimu akasema mstaafu hatii sahihi bila kushauriana na mkewe.

—Haya, wanaume, Mama Kahawa alisema. Endeleeni kuokoa mtoto.

Walikuwa bado hapo alipotokea Bibi wa Mkaa. Alikuja na njia ya shuleni, gauni lake la kutokea likiwa limepigwa pasi, vidole vikiwa vyeusi hadi kwenye kucha kama siku zote. Kwapani alikuwa na kifurushi cha gazeti. Hakuwahi kukaa kijiweni hata siku moja. Hupita tu, na kopo lake kichwani.

—Shikamoo bibi, walisema karibu pamoja.

—Marahaba, wanangu. Hamjambo?

Redio aliinuka ampishe, akasahau sheria ya ubao, na Hakimu akateleza hadi kwenye rimu. Hakuna aliyecheka. Bibi alikaa ncha ya ubao, nusu tu, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Mama Kahawa alimpa kikombe. Alikishika bila kunywa.

—Natoka shuleni, alisema. Nimewaambia mjukuu wangu hayumo na mnamjua alivyo. Mwalimu mkuu kanipokea vizuri, sina la kumlaumu. Kanipa kiti. Kasema nafasi kumi zimeongezeka, na wale wageni wanarudi Jumatatu kuwaangalia walioachwa.

—Si afadhali! Redio alisema. Bibi, si habari njema hiyo?

—Nikamuuliza, wanarudi kuangalia nini. Kasema fomu ni ile ile, hana uwezo wa kuibadilisha, na yeye hawezi kumwandika mtoto ambaye wageni hawajamwona kwa macho yao. Nikashukuru, nikatoka. Getini nikakutana na mwalimu wa zamu anagawa hiki.

Alitoa kikaratasi kifuani, akampa Hakimu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Hakimu alikisoma kwa sauti.

—Jumatatu tutakuwa na wageni. Mwanafunzi yeyote asiye nadhifu au asiye na viatu atarudishwa nyumbani kutokea getini au mstarini. Mzazi azingatie.

Alikigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

—Lakini huu ni wazimu, Mama Kahawa alisema. Bibi, huu ni wazimu!

—Mimi sijui kama ni wazimu, mwanangu. Mimi sikusoma. Bibi alifungua gazeti mapajani. Viatu vilikuwa vimekaa kisigino kwa kisigino, vinang'aa. Mtoto nimemwacha nyumbani amelala, hajui nimevichukua. Tangu Jumatatu havivui ila akilala. Anavipangusa kwa upindo wa gauni langu. Jana kaniuliza, bibi, kwa nini wenzangu wameingia lile darasa na mimi sikuingia, au niliwaudhi? Nikamwambia hukuwaudhi.

Aliinua uso, akawatazama mmoja mmoja.

—Nikipita hapa kila siku nawasikia. Mnaongea mambo ya serikali, mambo ya mahakama, mambo ya nchi za mbali. Mnajua. Basi niambieni hili dogo. Jumatatu nimpeleke na viatu au bila viatu?

Redio aligeukia kibanda chake, kana kwamba kuna mteja.

—Kisheria, Hakimu alisema, na akaishia hapo.

Mama Kahawa alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Huko nyuma darasa la kusoma lilikuwa limekwisha na watoto walisikika wakitoka kwa kelele.

Bibi alimgeukia Fundi Soli, akamkabidhi viatu pamoja na gazeti lake.

—Wewe, baba, ndiye uliyevishona.

Fundi Soli alivipokea. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa kiatu cha kushoto, pale soli inapokutana na ngozi. Ulikuwa umeshika. Kisu cha kukatia ngozi kilikuwa mezani, karibu na goti lake, na uzi ule usingehitaji zaidi ya mikato miwili. Aliviweka viatu mapajani, kimoja kando ya kingine. Akamtazama Mama Kahawa. Mama Kahawa alimtazama Hakimu, na Hakimu alikuwa akikisoma kikaratasi upya, upande ule usio na maandishi.

—Ni Jumatatu hii, Bibi aliwakumbusha.